Dalali wa Temeke na Kizimba cha Shemeji

Sikuwahi kununua kitu kwa Dalali nikaondoka nacho siku hiyo hiyo. Redio ilinichukua wiki nzima. Pasi ya mkaa niliambiwa niifuate Jumatatu, na Jumatatu nilipofika nikamkuta mkewe anaipigia mashuka, moshi umejaa uani. Nilipolalamika, Dalali alinitazama kama mtu aliyeingiliwa chumbani bila hodi.

"Pasi yako si hiyo? Ina nini?"

"Inatumika, mzee."

"Ulitaka ishike kutu? Kaa hapo, mashuka yamebaki machache."

Nikakaa kwenye benchi lake, ambalo nalo lilikuwa limekwisha kuuzwa. Mwenye benchi alikuwa akija mara kwa mara kulikalia, akisubiri ruhusa ya kulichukua.

Nimezunguka sana tangu wakati ule. Nimekaa Tanga kwenye mkonge, nimekaa Mwanza kwenye meli za ziwa, nimeuza chumvi Kigoma na nguo kuukuu Mbeya, na kote huko nilikuwa mtu mpole. Lakini nikisimama sokoni nikauliza bei, na mwuzaji akavuta pumzi kabla ya kujibu, hasira inanipanda bila sababu. Ni yeye. Wenzangu wakiwa mbali na kwao hukumbuka mama, hukumbuka chakula. Mie nikiikumbuka Temeke nakasirika kwanza, kisha ndipo nacheka, kisha ndipo natamani kurudi.

Jina alikuwa nalo, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Balozi wa nyumba kumi alimwita Dalali, imamu alimwita Dalali, mkewe alimwita Dalali hata alipokuwa anamwamsha. Alikuwa mfupi, shingo nene, na sauti ndogo ya kuomba radhi ambayo hakuibadilisha hata alipokuwa anakutukana. Asubuhi alivaa msuli na fulana. Akienda mjini alivaa kaunda suti iliyoshonewa mtu mrefu kuliko yeye, mikono ameikunja mara kadhaa, na ukimwuliza ameipata wapi alikuambia, "Hii inauzwa," hapo hapo barabarani, huku ameivaa.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vilivyotumika, na miaka ile ya ujamaa ilikuwa miaka yake. Majumba yalikuwa yametaifishwa, na wenye mali wengi walikuwa wanafunga mizigo. Walichoweza kubeba walibeba. Kilichobaki kilishuka kutoka Oysterbay na Upanga kupitia kwa wapishi, walinzi na madereva, mpaka kikafika uani kwa Dalali. Palikuwa na milango ya magari isiyo na magari, majokofu yaliyogeuzwa makabati ya unga, piano iliyong'oka meno upande mmoja, na kiti cha kinyozi ambacho yeye alikifanya kiti cha enzi. Dukani hapakuwa na kipuri, hapakuwa na sabuni, mara nyingi hapakuwa na chochote. Kwa hiyo ukikosa kitu Dar es Salaam nzima, mwisho wa yote ulikwenda Temeke ukatukanwa kwa sauti ndogo.

Na kwake kitu hakikulala. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alichokuuzia leo alikuwa ameshamwazima mtu jana, na kesho kutwa kuna mwingine ameahidiwa. Cherehani ya mtu ilishona sare za shule mtaa mzima kabla mwenyewe hajaigusa. Aliona kwamba kumpa mtu kitu alichokwisha kukilipia ni jambo la haraka haraka, halina adabu.

Kuhusu bei alikuwa na dini yake peke yake. "Bei ya kwanza ni salamu," alisema. "Mtu akikusalimia, unaitikia. Huichukui salamu yake ukaitia mfukoni ukaenda zako." Ukipunguza sana alifurahi, ukipunguza kidogo alikudharau. Bei zilizoandikwa ubaoni alizichukia kama ugonjwa. Siku moja nilisimama nyuma yake kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, foleni imezunguka nyumba. Zamu yake ilipofika aliegemea kaunta, akasogeza uso karibu na mwuzaji.

"Mwanangu, hii sukari, ya mwisho kabisa ngapi?"

"Mzee, bei iko ubaoni."

"Nimeiona. Mie nakuuliza wewe. Ubao hauna mdomo."

"Hiyo bei ya serikali!"

"Na serikali si inauza? Anayeuza anaulizwa."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alipiga kelele kutoka nyuma, "Babu, chukua sukari utupishe, jua linatumaliza huku!"

Dalali akageuka, mpole kabisa. "Na wewe bibi unaona sawa? Unatajiwa bei kama unatajiwa kosa kituo cha polisi, unatoa tu?"

Akaondoka bila sukari, kichwa juu. Jioni aligonga mlango wa chumba changu, kikombe mkononi, akaniomba ya kutilia chai. Alipoondoka sukari yangu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, na alikuwa amenieleza kuwa naiweka vibaya, ndiyo maana inaliwa na sisimizi.

Kwenye mikutano ya balozi alikuwa wa kwanza kusimama kuwalaani walanguzi. Aliwalaani kwa uchungu wa kweli, mpaka balozi mwenyewe akawa anamwomba akae. Watu wote pale mkutanoni walijua kwamba chini ya kitanda chake kuna miche ya sabuni. Lakini mwanamke yeyote wa mtaa ule akijifungua, asubuhi yake alikuta mche mmoja mlangoni, na ole wake mumewe ajaribu kuulipia. Ukitaka kulipa, basi ilikuwa biashara, na biashara ilikuwa na mwendo wake, na mwendo wake ungekula siku yako nzima. Nilimwuliza mkewe, mwanamke mrefu, mkimya, anavumiliaje. "Mie namwachaga tu," akasema. "Akichoka kusema, anakula."

Sasa nije kwenye kizimba, maana nikimtaja Dalali bila kizimba nitakuwa sijamtaja.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa shirika moja la umma, na kabla ya hapo alikuwa dereva wa bwana mmoja mgeni aliyependa mashindano ya magari. Bwana yule alipohama, shemeji alinunua kwake gari dogo la mashindano, la milango miwili, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unaona magoti ya watu. Gari kama lile likienda mashindanoni huwekwa ndani mabomba ya chuma, yaliyoungwa yakamzunguka dereva mbele, juu na nyuma, miguu ya mabomba hayo ikafungwa kwa bolti kwenye sakafu. Gari likipinduka, mabomba ndiyo yanayobeba uzito, paa lisimbonyee mtu kichwani. Sie tulikiita kizimba. Bwana alikuwa amekitoa ili gari lionekane la kawaida apate kuliuza, akamwachia mpishi wake. Mpishi akakitumia kuwa fremu ya genge la nyanya, genge likafa, kizimba kikaenda Temeke.

Kwa hiyo angalia mambo yalivyokaa. Dar es Salaam kulikuwa na gari moja la aina ile na kizimba kimoja cha kuliingia. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekihitaji. Hata mtoto angeona kwamba mnunuzi ni mmoja, mwuzaji ni mmoja, kazi imekwisha.

Shemeji alikuwa ameandikisha jina kwenye mashindano, na siku zilikuwa zinakwenda. Dada hakumkataza. Lakini mume wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori, na lori lilipinduka mlimani njia ya Iringa, likamlalia. Dada alisema neno moja, tena huku anamenya viazi.

"Endesha. Ila hukai ndani ya gari hilo bila vile vyuma. Mie kaniki ya eda nimeshavaa mara moja, inatosha."

Shemeji akaitikia. Kisha akanivuta kando, akaniambia kama kizimba hakipatikani kuna fundi wa kuchomelea, atamtengenezea kingine kwa mabomba ya maji, wapake rangi nyeusi, wakaguzi wa mashindano hawatajua.

"Mabomba ya maji, shemeji? Yale yanapindwa kwa goti!"

"Si mpaka gari lipinduke?"

"Na dada?"

"Dada yako anajua chuma? Wewe kalete kizimba, usitie neno."

Akanipa hela, na nilikwenda Temeke asubuhi ile ile mbio mbio. Kizimba nilikikuta uani, miguu imefukiwa ardhini, kimebeba paa la makuti lililofunika vitu vyote vya Dalali. Nikamwamkia, nikauliza bei. Akavuta pumzi, akataja bei ya kichaa. Mie nilikuwa na haraka, hela nilikuwa nazo, na machoni mwangu niliona yale mabomba ya maji. Nikatoa hela zote, nikaziweka kwenye mkono wa kiti cha kinyozi.

Dalali alisimama kama amemwagiwa maji.

"Umefanya nini?"

"Umetaja bei, mzee, nimetoa."

"Nimekusalimia! Hujaitikia!" Sauti yake bado ndogo, lakini ilikuwa inatetemeka. "Mtu mzima na mvi zangu, unanitupia hela kama unamtupia mbwa mfupa? Kesho mtaa mzima useme nimemwibia mtoto wa watu? Chukua hela zako."

Mkewe aliita kutoka jikoni, "Mpe mwenzio kitu chake aende!"

"Nyamaza wewe, huyu kanitukana."

Nilizichukua hela zangu, maana alikuwa ameanza kunitilia mwenyewe mfukoni.

Nilirudi nikajaribu kupatana kama anavyotaka. Sikuweza. Alitaja bei, nikataja nusu, akaniuliza kwa nini nusu. Nikarudia nusu. "Huna sababu!" akasema kwa masikitiko. "Mtu hupunguza kwa sababu. Nenda kaitafute." Fikiria mtu anakurudisha nyumbani ukatafute sababu. Niliporudi tena, paa la makuti lilikuwa limelala chini na kizimba hakipo. Kimeazimwa arusini, Mwananyamala, nyumba chache tu kutoka kwa dada. Usiku ule nilikuwa nimelala kwa dada, nikavuka mji mzima kwenda kukosa kitu kilichokuwa jirani. Nikavuka tena. Nikakikuta kimebeba turubai, kimevishwa karatasi za rangi, wanawake wanacheza chini yake, na baba wa bibi arusi hakutaka hata kunisikiliza.

"Arusi haijesha, kijana. Kaa ule pilau."

"Mzee, mie nakihitaji kile cha chuma."

"Na sie tunakihitaji. Mpeni kijana nyama."

Nilikula pilau kwa hasira. Lilikuwa pilau zuri, nalo likaniudhi. Arusi ilipokwisha, kizimba kikapitia Kunduchi, kikaanikiwa samaki na ndugu wa mkewe Dalali, ndipo kikarudi Temeke kikafukiwa tena mahali pake.

Siku chache kabla ya ukaguzi nilikwenda Mwananyamala, nikayakuta mabomba ya maji uani kwa shemeji, yamekwisha kuungwa na kupakwa rangi nyeusi, yanakauka juani. Dada alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Haya ya nini?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Mie nikatazama viatu vya shemeji. Dada aliligonga bomba moja kwa ukucha, likalia jepesi kama kopo. Aliingia ndani, akatoka amejitanda kanga.

"Nipeleke kwa huyo mzee."

Njiani nilimsihi amweleze Dalali ukweli wote, habari za lori na za marehemu. Mzee ana moyo, nilisema, atalainika.

"Nikamlilie?" dada akasema. "Nikimlilia atanipa bure. Cha kupewa kwa huruma unakikaguaje? Utasema nini kikiwa kibovu?"

Dalali alimkaribisha kwenye benchi. Dada alikataa kukaa. Alikizunguka kizimba taratibu, kanga amejifunika pua.

"Mzee wangu, ndicho hiki? Mbona kinanuka dagaa?"

"Hiyo harufu ya Kunduchi, bibie. Wageni wanailipia hotelini."

"Basi kiuze hotelini. Bei?"

Akataja. Dada alicheka, si kwa dharau, kama amesikia kichekesho kizuri. Akataja yake, ndogo hata mie nikaona aibu.

"Kwa nini?" Dalali akauliza, na niliona macho yake yameanza kung'aa.

"Rangi imebanduka."

"Rangi si chuma."

"Kimefukiwa udongoni, kimeota kutu."

"Kutu ya juu juu, bibie, kama mvi. Mtu mwenye mvi si mzima?"

"Mwenye mvi hauzwi kwa bei ya kijana. Kimechezewa ngoma ngapi hiki?"

"Kina baraka za maharusi."

"Baraka wamechukua maharusi. Kwangu kimekuja kitupu. Punguza."

Waliendelea hivyo jua likahama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine. Dada aliondoka akafika barabarani, Dalali akamwacha mpaka alipogeuza kona, ndipo akamwita, "Bibie, umesahau kuaga!" Akarudi kuaga, wakaanza upya. Mkewe Dalali alileta uji, akakaa kutazama kama mtu aliyekwenda sinema. Mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi nimeshika kichwa. Mwishowe Dalali alipiga makofi mara moja, bei ikakaa, na ilikuwa bei ambayo mie nisingethubutu hata kuiota.

"Sasa," akasema, "nikwambie kasoro yake."

Akachukua jembe, akachimba mguu wa nyuma wa kushoto. Ulikuwa umekatwa. Mpishi alikuwa ameukata kwa msumeno ili genge lake likae sawa kwenye mteremko, ukapungua kama shubiri moja. Mguu ule usingefika sakafuni. Shemeji angeufunga kwa kubahatisha, kwa kibao au kwa waya, namjua, na angekwenda hivyo hivyo.

Nilisimama. "Mzee! Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Siku ile ulinunua? Ulinitupia hela. Kasoro husemwa bei ikishakaa. Ukiisema mapema mtu anaing'ang'ania kasoro, kitu chenyewe hakioni tena."

"Na kama ningekichukua hivyo hivyo?"

"Ndiyo maana sikukupa."

"Lakini ungeniambia tu!"

"Ningekuambiaje? Bei haikuwa imekaa."

"Kwa hiyo ungeniacha nizunguke mpaka mashindano yapite?"

"Nani alikuambia uzunguke? Nilikuambia utafute sababu. Sababu ilikuwa hapo chini, ungechimba."

Mpaka leo nikiyarudia maneno yale, kila moja lina akili, na yote pamoja hayana. Nilimtazama dada anisaidie. Yeye alikuwa amechuchumaa kando ya shimo, anapima ule mguu kwa kiganja chake.

"Kasoro hii inapunguza," akasema.

"Inapunguza," Dalali akakubali kwa furaha, na wakaanza tena.

Tuliondoka jua limeshuka, kizimba juu ya mkokoteni, pamoja na kipande cha chuma kizito ambacho Dalali alikiongeza juu ya biashara ili fundi aungie mguu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoondoka kwake na kitu siku ile ile, na hata hiyo aliyenunua hakuwa mie. Makuti yake tulimwachia chini, yamelala juu ya piano. Mabomba ya maji dada aliyatoa mwenyewe nje, akampa jirani anayefuga kuku.

Wakaguzi walikipitisha. Mvua ilikuwa imenyesha bara, njia za huko zimekuwa matope, na shemeji hakufika hata nusu ya safari. Habari zilitufikia kwa watu wa malori kwamba gari dogo limepinduka. Hawakujua lolote zaidi ya hapo. Dada alikaa kibarazani, hakula, kaniki yake ya zamani ameitoa sandukuni na kuiweka pembeni, imekunjwa. Siku ya pili lori lilisimama nje. Juu yake kulikuwa na gari limebonyea kila upande, na kando ya gari ameketi shemeji, mkono umefungwa shingoni, uso umejaa matope makavu, anatabasamu kijinga. Dada alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anachagua papai. Alipomaliza aliingia ndani, ndipo tukamsikia analia.

Tangu siku hiyo shemeji alikuwa na hadithi. Gari liliteleza, likapinduka mara tatu, na kizimba hakikupinda. Kila mgeni alisimuliwa. Na kila alipofika kwenye mara ya tatu, dada aliinuka akaenda jikoni. Ukimfuata ulimkuta amesimama tu, hapiki kitu.

Dalali hatukumwambia. Dada alikataza kabisa. "Akijua kilimwokoa mtu, kila tutakachonunua kwake atatuwekea na hiyo juu ya bei." Nadhani alikuwa na haki. Kisha mie nikaanza safari zangu, petroli ikawa shida, mashindano yakawa hadithi za wazee, na gari la shemeji likauzwa vipande vipande.

Nilimwona Dalali kwa mara ya mwisho juzi juzi, niliporudi. Maduka yamejaa sasa, nguo za mitumba zimetandikwa hadi barabarani, na watu wanaweka bei zao kwenye vikaratasi. Yeye alikuwa amehamia Goba, kwenye shamba la muhogo la ukweni, kwa sababu, alisema, mjini watu hawajibizani tena. Shemeji, ambaye sasa amestaafu na amenenepa, ndiye aliyetaka twende kumwamkia. Alitaka amwambie kabla mmoja wao hajaondoka duniani. Dada hakukataza. "Nendeni," alisema, "ila msinunue kitu."

Tulimkuta amekaa nje kwenye kigoda, kofia kichwani, amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa ile ile sauti. Shemeji akamsimulia yote. Nilijiandaa kusikia madai ya nyongeza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, mdomo wazi kidogo. Mkewe alikuwa ameacha kumenya muhogo.

"Mara ngapi, ulisema?"

"Tatu, mzee."

"Tatu nyingi."

Shemeji akacheka. "Mzee, mie nilikuwa ndani."

"Ndiyo maana hujui. Aliye ndani ataonaje? Moja."

"Moja! Paa liliingia mpaka hapa!"

"Paa hata kwa moja linaingia. Si ulisema matope? Gari likilala kwenye matope linazama, haligeuki tena."

"Pembeni kulikuwa na mawe."

"Mawe hukuyasema mwanzo."

"Nayasema sasa! Mawe makubwa, mzee, yalilirusha!"

"Haya, mawe nakupa. Lakini mguu ule ulikuwa wa kuunga. Kwa tatu ungefunguka. Ulifunguka?"

"Haukufunguka."

"Basi."

Shemeji alikuwa amesogea ukingoni mwa kigoda alichopewa, jasho linamtoka. "Mbili na nusu," akasema. "Lilimalizia ubavu."

"Kulala ubavu si kupinduka, mwanangu, ni kupumzika. Mbili."

Nilitaka kuwauliza wote wawili kama wana akili timamu. Shemeji alimtazama mzee, akatazama chini, akahesabu kitu moyoni.

"Haya. Mbili."

Dalali akapiga makofi mara moja, makofi makavu ya mtu mgonjwa, akamwambia mkewe atuletee maji ya kunywa.

Tulishuka kilima. Karibu na barabara shemeji alisimama.

"Yule mzee alikuwepo kule?"

"Hakuwepo."

"Sasa kwa nini nimekubali mbili?"

Hasira zilikuwa zimenipanda kama enzi zile za pasi na redio.

Nyumbani dada alikuwa anapepeta mchele kibarazani. Akauliza mzee ni mzima. Shemeji akasema ni mzima, amekonda, na akakaa karibu naye kwenye mkeka.

"Tumeelewana mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Gari. Lilipinduka mara mbili."

Ungo ukasimama mikononi mwa dada. Nikangoja mlipuko, maana miaka yote ile tulisimuliwa tatu. Alimtazama mumewe usoni.

"Mbili?"

"Mbili."

"Si tatu?"

"Si tatu."

Dada akashusha pumzi ndefu, akarudia kupepeta.

"Afadhali," akasema.